Nambari za chembe nyeupe zisipolingana na mgonjwa

Chembe nyeupe zikivuka 11 (yaani elfu 11 kwa kila mikrolita ya damu) kwenye hemogramu, karatasi ya hesabu ya chembe za damu, mgonjwa anaandikiwa antibiotiki. Zikiwa chini ya hapo, anaambiwa damu yake ni safi, aende nyumbani. Hivyo ndivyo karatasi ile inavyosomwa katika kliniki nyingi za Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, na wagonjwa nao wamezoea. Kabla hata hawajaketi wanauliza, "Daktari, imepanda hadi ngapi?"

Mimi hufanya kazi upande wa maabara, na jumla hiyo ya chembe nyeupe ndiyo nambari ninayoitegemea kidogo kuliko zote zilizo kwenye karatasi. Inapandishwa na mambo mengi yasiyo maambukizi, na maambukizi makali yanaweza kuiacha palepale ilipokuwa. Ukitaka kujua kama mwili unapambana na kijidudu, angalia ni chembe za aina gani zimeongezeka, ni changa au zimekomaa, zina sura gani chini ya hadubini, na ni vipokezi gani vimejitokeza kwenye utando wake.

Nimepanga mwongozo huu kwa malalamiko ambayo matabibu na wauguzi hutuletea dirishani. Tafuta linalofanana na la mgonjwa wako, ila sehemu ya kwanza usiiruke.

Kabla ya yote: chunguza chupa

Matokeo ya ajabu yakitoka, shuku sampuli kabla hujamshuku mgonjwa. Chukua ile chupa ya kifuniko cha zambarau, iinamishe polepole, uangalie kama kuna bonge la damu. Bonge hata likiwa dogo hunasa chembe ndani yake, na idadi hushuka kwa uongo. Damu inatakiwa igeuzwe juu chini taratibu mara 8 hadi 10 punde tu inapotolewa. Kuitikisa ni kuiharibu. Uliza pia ilitolewa saa ngapi. Neutrofili, chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria, zikikaa muda mrefu kwenye EDTA (dawa ya chupa hiyo inayozuia damu isigande) huanza kutoboka matundu ndani, na matundu hayo yanafanana mno na yale ya sepsisi, maambukizi yanayouvuruga mwili mzima. Kwa hiyo slaidi itengenezwe damu ikiwa bado mbichi, hata kama kipimo chenyewe kitafanywa baadaye.

Mashine nayo hudanganyika. Mtoto mwenye selimundu anaweza kuwa na chembe nyekundu changa ambazo bado zina kiini, na mashine nyingi ndogo huzihesabu kama chembe nyeupe. Tuseme imekuandikia 38. Ukihesabu kwenye slaidi ukakuta chembe nyekundu zenye kiini 60 kwa kila chembe nyeupe 100, zidisha 38 kwa 100, ugawe kwa 160. Unabaki na takriban 24. Bado ni nyingi, lakini si 38. Vivyo hivyo pleteleti (chembe zinazogandisha damu) zilizoshikamana: pleteleti zinaonekana chache, chembe nyeupe nyingi, na kwenye ncha ya slaidi unaona mafungu yake. Toa damu nyingine kwenye chupa ya sitreti, kisha uzidishe jibu kwa 1.1 kwa sababu ya maji ya dawa yaliyomo.

Ziko juu, lakini mgonjwa haonekani kuwa na maambukizi

Kisababishi ninachokutana nacho zaidi ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe mwilini. Mgonjwa alipitia duka la dawa, akapigwa sindano ya deksamethasoni kwa ajili ya mgongo au pumu, na keshoye hemogramu inaonyesha 17. Karibu nusu ya neutrofili zilizo kwenye mishipa ya damu huwa hazizunguki. Zimejibanza kwenye kuta, kama matatu zilizoegeshwa pembeni mwa barabara. Steroidi huzifanya zote ziingie barabarani kwa mpigo, na barabara inaonekana imefurika. Wakati huohuo huzizuia kutoka kwenye mishipa kuingia kwenye nyama za mwili, na huchochea uboho kutoa nyingine.

Alama za steroidi ni hizi: neutrofili ziko juu, karibu zote zimekomaa, eosinofili (chembe nyeupe za minyoo na mzio) zimeshuka hadi karibu sifuri, limfosaiti (chembe nyeupe ambazo mara nyingi hupambana na virusi) zimepungua, na ndani ya neutrofili huoni chembechembe nzito za sumu, ambazo nazieleza hapa chini. Muulize mgonjwa kwa upole kuhusu sindano, dawa za pumu na vidonge vya kuongeza uzito. Wengi hawavihesabu kama dawa.

Degedege, maumivu makali, kukimbia na hofu pia hupandisha idadi kwa saa chache. Uvutaji wa sigara huipandisha kidogo na kuiacha hapo miaka yote. Mjamzito anaweza kuwa na 15 akiwa mzima kabisa, na wakati wa uchungu au siku ya kwanza baada ya kujifungua idadi inaweza kufika 25 bila maambukizi yoyote. Kwa mama aliyejifungua jana, nambari hiyo haikusaidii sana. Pima joto lake na mapigo, bonyeza tumbo, nusa uchafu unaotoka, angalia kidonda kama alipasuliwa. Mtoto mchanga naye huzaliwa na chembe nyingi, hata 20 na zaidi, kwa hiyo asisomwe kwa kiwango cha mtu mzima.

Mgonjwa anaumwa sana, lakini chembe nyeupe ni za kawaida

Hapa ndipo watu hupotezwa, na ndiyo sababu nimeandika haya.

Chukua mfano wa mzee wa miaka sabini na kitu. Binti yake anasema baba tangu jana anaongea maneno yasiyoeleweka. Anapumua mara 26 kwa dakika, presha ya juu (nambari ya kwanza ya presha) ni 96. Hana homa. Hemogramu: chembe nyeupe 8.4. Aliyeipokea karatasi anashusha pumzi, kwa kuwa 8.4 iko katikati ya kiwango. Mzee huyo ana dalili zote tatu za hatari zinazotumika kando ya kitanda tangu ufafanuzi mpya wa sepsisi utolewe mwaka 2016: kupumua mara 22 au zaidi, presha ya juu ya 100 au chini yake, na akili kuvurugika. Asipewe 8.4 kama faraja. Uboho wa mzee, wa mtu aliyedhoofika kwa lishe au wa mwenye virusi vya ukimwi unaweza kushindwa kuongeza idadi. Au neutrofili zimetengenezwa nyingi, zikatumika zote pale kwenye mapafu au kwenye figo, na zilizobaki kwenye damu ndizo hizo unazozihesabu.

Weka slaidi. Rangi ya Giemsa au ya Leishman inatosha. Nenda kwenye eneo ambalo chembe nyekundu hazijapandana, kisha hesabu chembe nyeupe 100 ukitafuta mambo manne.

La kwanza ni bendi, yaani neutrofili changa ambazo kiini chake kimejikunja lakini hakijagawanyika vipande. Zikizidi 10 kati ya 100, uboho unatoa seli kabla hazijaiva, na kigezo hicho kiliwekwa kwenye vigezo vya sepsisi vya mwaka 1991 hata kwa mtu ambaye jumla yake ni ya kawaida. Ukikuta na metamielosaiti au mielosaiti, ambazo ni changa kuliko bendi, hali ni nzito zaidi. La pili ni chembechembe nzito za sumu: vidoti vya zambarau iliyokoza vilivyojaa ndani ya neutrofili, tofauti na vumbi laini la waridi lililozoeleka. La tatu ni miili ya Döhle, mabaka ya samawati iliyofifia pembezoni mwa seli. Inataka mwanga mzuri na subira, kwa maana ni rahisi kuipita. La nne ni matundu ndani ya seli, na hayo yana uzito pale tu unapojua damu haikukaa.

Mzee wa 8.4 mwenye bendi 22 na neutrofili zilizojaa vidoti ana maambukizi ya bakteria hadi ithibitishwe vinginevyo. Tafadhali usiandike "WBC ya kawaida" ukaishia hapo. Piga simu kwa tabibu, umwambie ulichokiona.

Kuna hatua nyingine mbele ya slaidi. Neutrofili iliyotulia hubeba kipokezi kiitwacho CD64 kwa uchache sana juu ya utando wake. Bakteria wakiingia mwilini, interferoni ya gama na vichocheo vingine huiamsha, na ndani ya saa 4 hadi 6 CD64 inaanza kuongezeka, hatimaye mara kadhaa. Maambukizi yakidhibitiwa, hushuka ndani ya siku chache. Kinachonivutia ni kwamba hakitegemei idadi: neutrofili zinaweza kuwa chache au nyingi, kipimo kinauliza kila moja imeamshwa kiasi gani. Isitoshe, kinastahimili. Damu ya EDTA iliyokaa siku nzima kwenye joto la chumba bado husomeka vizuri. CD11b, kipokezi kingine kinachopanda kwenye maambukizi, hakina uvumilivu huo. Kuishikashika damu tu kwenye chupa kunatosha kukipandisha, na jibu linakuwa halina maana.

CD64 hupimwa kwa flosaitometri, yaani kupima seli moja moja kwa mwanga. Mashine hizo zipo Nairobi, na nyingi zilifika kwa ajili ya kuhesabu CD4. Zile ndogo zinazotoa hesabu ya CD4 peke yake haziwezi kazi hii. Inahitajika inayopima mng'ao wa kila seli, pamoja na kingamwili zilizotiwa rangi. Hakuna kiwango kimoja kinachotumika kila mahali, kwa hiyo jibu lisomwe kwa kiwango cha maabara iliyolitoa. Na lisisomwe kama "bakteria, ndiyo au hapana". Kifua kikuu huipandisha CD64. Baadhi ya virusi huipandisha kiasi. Dawa za kuchochea neutrofili wanazopewa wagonjwa wa saratani huipandisha bila maambukizi yoyote.

Hospitali zenye mashine mpya za hemogramu za Beckman Coulter zinaweza kupata kitu kingine bila sampuli ya ziada: upana wa mtawanyiko wa ukubwa wa monosaiti (aina nyingine ya chembe nyeupe), unaoandikwa MDW. Monosaiti zilizoamshwa hutofautiana ukubwa kuliko zilizotulia. Kwa mtu mzima anayefika idara ya dharura, thamani inayozidi 20 huongeza shaka ya sepsisi. Angalia aina ya EDTA iliyo kwenye chupa zenu: 20 ni ya K2, na kwa K3 mpaka husogea hadi 21.5.

Chembe nyeupe ziko chini

Anza kwa kuuliza: chini ya kiwango cha nani? Viwango vingi vilivyochapishwa kwenye karatasi zetu vilitoka kwa watu wa Ulaya na Marekani. Tafiti za Kericho na za magharibi mwa Kenya zimeonyesha kwamba Wakenya wengi wazima wana neutrofili chache kuliko viwango hivyo. Sababu inajulikana. Watu wengi wenye asili ya Afrika hawana alama ya Duffy kwenye chembe zao nyekundu, jambo ambalo pia huwakinga dhidi ya malaria ya vivax, na watu hao huwa na neutrofili chache zinazozunguka kwenye damu. Hawapati maambukizi zaidi ya wengine. Kijana aliyekuja kupimwa ili aanze kazi, neutrofili zake 1.4, hana historia ya vidonda vya mdomo wala maambukizi ya mara kwa mara, hahitaji dawa. Tafuta karatasi zake za zamani. Kama zimekuwa hivyo miaka yote, mwache.

Pili, acha asilimia. Nimeona karatasi imezungushiwa duara kwenye limfosaiti 62% na maneno "ni virusi" yameandikwa kando. Jumla ilikuwa 2.9. Asilimia 62 ya 2.9 ni 1.8, limfosaiti za kawaida kabisa. Zilizopungua ni neutrofili: 26% ya 2.9 ni 0.75. Swali zima limegeuka. Daima zidisha, usome hesabu kamili.

Neutrofili zikiwa chini ya 0.5 na mgonjwa ana homa, hiyo ni dharura. Damu ya kuotesha ili kutafuta bakteria ichukuliwe na antibiotiki zianze ndani ya saa moja. Na chembe nyeupe 2.1 zenye bendi nyingi kwa mtu anayetetemeka ni mbaya kuliko 21: uboho unazidiwa.

Baada ya hapo, uliza safari. Nairobi iko juu, takriban mita 1,800, na mtu mwenye malaria hapa mara nyingi ametoka nayo Kisumu, Busia, Homa Bay au Pwani. Malaria huacha chembe nyeupe za kawaida au chache, huku pleteleti zikishuka sana. Ukisoma slaidi, usiangalie chembe nyekundu pekee. Rangi ya kahawia iliyokoza ndani ya monosaiti na neutrofili ni mabaki ya vimelea vilivyomezwa, na zaidi ya 5% ya neutrofili zikiwa nayo, hiyo ni ishara ya malaria kali hata kama vimelea vyenyewe vinaonekana vichache. Aliyetoka Mombasa na homa, maumivu nyuma ya macho na pleteleti chache, fikiria pia dengi.

Taifodi huwa haipandishi chembe nyeupe kwa mtu mzima. Mara nyingi ni za kawaida au zimeshuka, na eosinofili hazionekani. Naandika hili kwa msisitizo kwa kuwa kipimo cha Widal kinatumika mjini kote kama ushahidi, ilhali hubaki chanya kwa aliyewahi kuugua na hugeuka chanya kwa magonjwa mengine. Otesha damu, mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, kabla ya kidonge cha kwanza. Bruselosi inafanana sana: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma, neutrofili chache na limfosaiti nyingi kiasi. Uliza kuhusu maziwa yasiyochemshwa. Na mgonjwa aliyetoka Turkana, Baringo au Wajir, amekonda, wengu umevimba, chembe zote tatu ziko chini, afanyiwe kipimo cha kala-azar (ugonjwa wa vimelea vinavyoshambulia wengu na uboho) badala ya dozi ya tatu ya antibiotiki.

Virusi vya ukimwi vyenyewe hupunguza limfosaiti. Hapa nina ombi: CD4 iliyopimwa mtu akiwa na homa kali inaweza kuwa imeshuka kwa sababu ya homa. Ikiwa chini ya 200, mpime antijeni ya kriptokokasi (kuvu inayoweza kushambulia ubongo) na mkojo kwa kifua kikuu siku hiyohiyo, maana kungoja kuna hatari. Lakini hesabu yenyewe irudiwe akipona.

Homa ipo, hujui kama ni bakteria au virusi

Limfosaiti nyingi zenye umbo lililopanuka na utando unaokumbatia chembe nyekundu jirani huelekeza kwenye virusi. Isipokuwa kwa mtoto mchanga anayekohoa hadi kubadilika rangi: limfosaiti ndogo zilizokomaa, jumla ikipanda kupita 30, ni kifaduro, na kifaduro ni bakteria. Jumla ikikaribia 100, mtoto huyo yuko hatarini kufa. Kumbuka pia mtoto wa chini ya miaka minne au mitano huwa na limfosaiti nyingi kuliko neutrofili akiwa mzima.

Kwenye flosaitometri, CD169 ya monosaiti hupanda kwa interferoni ambazo mwili hutoa dhidi ya virusi, kwa hiyo ikisomwa pamoja na CD64 ya neutrofili, kila moja hufafanua nyingine. Ndani ya chembe nyeupe kuna pia protini ya MxA inayopanda kwa njia hiyohiyo, na ipo kwenye vipimo vya tone la damu ya kidole vikiwa pamoja na CRP, protini ya damu inayopanda kukiwa na uvimbe au maambukizi. CRP peke yake huchelewa: mgonjwa aliyeanza kuumwa saa tano zilizopita anaweza kuwa nayo chini, na kilele chake ni baada ya siku moja na nusu hadi mbili. Irudie kesho yake kabla hujaamua.

Eosinofili ziko juu

Zaidi ya 0.5, fikiria minyoo, mzio na dawa. Aliyekulia karibu na mashamba ya mpunga ya Mwea au kando ya Ziwa Viktoria, tafuta kichocho. Kabla ya kumpa steroidi kwa muda mrefu, tafuta strongiloidi, kwa kuwa steroidi huweza kuwasambaza minyoo hao mwili mzima. Mwenye minyoo akipata nimonia, eosinofili zake zinaweza kutoweka kwa siku kadhaa kisha zikarudi anapopata nafuu. Zikirudi, ndipo umpime choo.

Ikiwa mashine yenu hugawa chembe sehemu tatu tu, eosinofili zimefichwa ndani ya kundi la kati pamoja na monosaiti na bezofili. Kundi hilo likipanda, hakuna njia ya kujua ni zipi bila slaidi.

Zimepita 50

Maambukizi makali, hasa ya usaha uliojificha, yanaweza kufikisha hapo. Lakini mtu ambaye kwa miezi amepewa antibiotiki moja baada ya nyingine kwa sababu "damu ina maambukizi", na kila karatasi inapanda, aangaliwe kwenye slaidi leo. Seli kubwa zenye kiini laini na vijiini (nukleoli) ndani yake, bezofili nyingi, wengu mkubwa, au mzee mwenye limfosaiti ndogo tupu zilizojaa uwanja mzima: huyo apelekwe kwa daktari wa damu pamoja na slaidi yenyewe ikiwa ndani ya kiboksi, na nakala za hemogramu zote za awali. Kwenye fomu andika tarehe na jina la kila antibiotiki na kila steroidi aliyowahi kupewa, kwa maana daktari atakayeipokea slaidi ataisoma tofauti kabisa akijua alipigwa deksamethasoni juzi.